Uundaji wa Nakala za Ndege za Kale Nyumbani: Nafasi ya Mchoro, Mkaguzi na Hewa ya Shinyanga na Geita

Ikisiri

Makala hii inafafanua shughuli ya kuunda nyumbani nakala za ndege za kale na kuchunguza masharti ambayo yangeiwezesha kufanyika kwa usalama katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Hoja kuu ni kwamba kikwazo cha msingi si uhaba wa mafundi wala wa malighafi. Usalama wa ndege ya nyumbani hutokana na mambo matatu: mchoro uliokwisha kuthibitishwa, ukaguzi unaofanywa kabla kiunzi hakijafunikwa, na hesabu ya hewa ya mahali ndege itakaporukia. Makala inahitimisha kwamba kunakili kwa nidhamu ni njia salama zaidi ya kuingilia fani hii kuliko kubuni ndege mpya.

1.0 Utangulizi

Ndege si chombo kigeni katika ukanda wa kusini mwa Ziwa Viktoria. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilipofungua njia yake kutoka London kuja Afrika Mashariki, kituo cha mwisho kilikuwa Mwanza. Mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa na John Williamson baada ya ugunduzi wa mwaka 1940, una kiwanja chake cha ndege. Pamoja na historia hiyo, mkazi wa kawaida wa ukanda huu amekuwa mtazamaji wa ndege, si muundaji wake.

Hata hivyo, ari ya kuunda ipo katika Afrika Mashariki. Mwaka 2011 vyombo vya habari viliripoti juu ya vijana waliokuwa wakiunda ndege waliyoiita African Skyhawk katika ua wa nyumba huko Ntinda, Kampala. Mwaka 2016 ziliandikwa habari za fundi wa Tunduma aliyekuwa akiunda helikopta. Juhudi hizo zilipokelewa kwa sifa nyingi, na ni haki yake. Lakini zina jambo moja linalofanana ambalo halijadiliwi vya kutosha: zote zilianza na muundo wa waundaji wenyewe. Swali la makala hii ni hili: je, fundi wa Shinyanga au Geita mwenye ari kama hiyo aanzie wapi ili asiangamize maisha yake?

2.0 Maana ya nakala ya ndege ya kale

Katika makala hii, nakala ya ndege ya kale ni ndege inayoundwa upya kwa kufuata mchoro wa ndege iliyowahi kuruka zamani, kwa kutumia njia na malighafi zinazokaribiana na za awali. Nakala si kinyago cha kuwekwa uani. Hukusudiwa kuruka, kwa hiyo hupimwa kwa mizani ileile ya ndege nyingine.

Mfano mwafaka ni Air Camper, iliyobuniwa na Bernard Pietenpol huko Cherry Grove, jimbo la Minnesota, Marekani. Mwaka 1929 aliirusha kwa injini ya gari la Ford Model A yenye nguvu za farasi takriban 40. Michoro yake ilichapishwa mwaka 1932, na hadi leo watu huitumia kuunda ndege hiyo katika gereji zao. Kiunzi ni cha mbao na plaiwudi. Bawa lina boriti mbili ndefu zinazobeba mzigo, na mbavu nyembamba zinazolipa umbo. Juu ya kiunzi hutandazwa kitambaa, kisha hupakwa dawa ya kukikaza mpaka kiwambwe kama ngozi ya ngoma.

Ndege ya aina hii haihitaji kiwanda. Inahitaji meza ndefu iliyonyooka, gundi bora, msumeno, subira ya miaka kadhaa na mtu anayekubali kurudia ubavu mmoja mara tatu mpaka ulingane na mchoro.

3.0 Uzoefu wa Ufaransa na Uingereza

Kwa nini mchoro uliothibitishwa upewe uzito kuliko ubunifu? Jibu limo katika mkasa wa ndege ndogo ya Mfaransa Henri Mignet, iliyojulikana kwa jina la Pou-du-Ciel. Mwaka 1934 Mignet alichapisha kitabu cha kumwongoza mtu wa kawaida kuiunda. Watu wengi wa Ufaransa na Uingereza waliitikia, na ndege nyingi ziliundwa majumbani. Baadaye zikafuata ajali zilizoua marubani.

Mwaka 1936 ndege hiyo ilipimwa katika mahandaki ya upepo ya nchi hizo mbili. Ilibainika kwamba ikiinamisha pua kupita kiasi fulani, mpangilio wa mabawa yake mawili uliweza kumnyima rubani uwezo wa kuiinua tena. Kasoro hiyo ilikuwa katika muundo wenyewe. Mtu angeweza kugundisha kila kiungo kwa ustadi wote na bado akafa, kwa kuwa alitekeleza vizuri wazo lenye kasoro iliyojificha.

Somo la mkasa huo ni bayana. Kazi nzuri ya mikono haiponyi muundo mbaya. Muundo uliokwisha kurushwa kwa miongo mingi, ambao makosa yake yamejulikana na kurekebishwa, umekwisha kulipiwa gharama na waliotangulia. Anayeunakili anarithi mafunzo yao bila kulipa upya.

4.0 Ufundi uliopo na mazoea yanayohitaji kubadilika

Ukanda wa dhahabu una mafundi wengi. Katika miji kama Katoro na Kahama, karakana za uchomeleaji huunda na kukarabati makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, hunyoosha mihimili na kufufua injini zilizochoka. Ujuzi wa kupima, kukata na kuunganisha upo.

Tatizo liko katika mazoea. Karasha linapovunjika, fundi huongeza bamba la chuma, na hiyo ni busara, kwa kuwa uzito wa ziada haulidhuru karasha. Katika ndege, busara hiyohiyo hugeuka hatari. Uzito mtupu wa Air Camper ni takriban kilo 280. Fundi akiongeza kilo 40 kwa nia ya kuimarisha, ameongeza sehemu moja ya saba ya uzito wote huo. Zikiwekwa mkiani, ndege hupoteza mizani yake na inaweza isidhibitike. Vilevile, injini ya kawaida ya ndege ndogo ina magneto mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee kuwasha mafuta. Injini ya gari au pikipiki iliyotolewa kama ilivyo huwa haina akiba hiyo.

Malighafi nayo ina funzo. Shinyanga ni mkoa wa pamba, na kwa miaka mingi kitambaa cha pamba kilikuwa vazi la ndege za kale. Lakini kitambaa hicho kilikuwa na kiwango: ukanda mpya wenye upana wa takriban sentimita 2.5 ulipaswa kuhimili mvuto wa kilo 36 bila kukatika. Pamba kuota jirani hakukifanyi kitambaa kustahili bawa. Kinachokistahilisha ni kipimo. Mbao ni hivyohivyo: mninga ni mti wenye thamani kwa samani, ila ni mzito kuliko misprusi iliyokusudiwa na wachoraji wa ndege hizo.

5.0 Hewa ya mahali

Hata mchoro uliothibitishwa hubeba ndani yake mahali ulipozaliwa. Shinyanga na Geita ziko katika mwinuko wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, siku ya joto la nyuzi 30 za Selsiasi, mita moja ya ujazo wa hewa ina uzito wa takriban kilo 1.01, ikilinganishwa na kilo 1.225 ambazo ni kipimo rasmi cha usawa wa bahari kwenye nyuzi 15. Hewa imepungua kwa karibu asilimia 18.

Upungufu huo hugusa mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo, hivyo farasi 40 hubaki takriban 33. Pili, bawa huhitaji mwendo mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 10, ili kubeba uzito uleule. Ukiunganisha mambo hayo, umbali wa kukimbia kabla ya kupaa huongezeka kwa karibu nusu. Ndege iliyohitaji mita 200 itahitaji karibu 300, na hata baada ya kupaa itapanda polepole. Muundaji asiyefanya hesabu hii anaweza kuwa na ndege kamilifu kwa Minnesota ambayo mchana wa Oktoba itamfikisha kwenye miti iliyo mwisho wa uwanja.

6.0 Mkaguzi kabla ya kitambaa

Sharti la mwisho ni ukaguzi. Nchini Uingereza, ndege ya nyumbani hukaguliwa kwa hatua, na kiunzi hutazamwa kabla ya kufunikwa. Sababu yake ni ya kimantiki: kitambaa kikishatandazwa, gundi iliyoachia haionekani. Nchini Tanzania, mwenye dhamana ya usalama wa anga ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Waundaji wengi humwona mkaguzi kama mtu wa kuja mwishoni kutoa au kunyima ruhusa. Makala hii inaona kwamba anapaswa kuwa msomaji wa kwanza wa kazi, anayeitwa tangu ubavu wa kwanza, akikuta daftari lenye tarehe, vipimo na picha za kila hatua.

7.0 Hitimisho

Inaweza kudaiwa kwamba kusisitiza kunakili ni kuua ubunifu wa Mwafrika. Dai hilo lina uzito, lakini linasahau jinsi fani zinavyorithishwa. Mwanafunzi wa mhunzi hufua kwanza jembe lililokwisha kufuliwa na wengi, na ubunifu wake huja mkono ukishajua kwa nini jembe lina umbo lile. Aidha, hesabu ya sehemu ya tano inaonyesha kwamba kunakili Shinyanga hakuwezi kuwa kuiga tu, kwa kuwa hewa yenyewe humlazimisha muundaji kufikiri upya. Sifa anazopewa kijana anayeunda ndege uani hazitamshikilia angani. Kitakachomshikilia ni mchoro uliojaribiwa, kiunzi kilichokaguliwa na hesabu iliyofanywa kabla injini haijawashwa.