Sauti ya Patti Nyuma ya Mikwaruzo

Anayesikia santuri za Adelina Patti kwa mara ya kwanza huenda akaizima mashine kabla wimbo haujafika katikati. Mikwaruzo imejaa, piano ni kama inapigwa chumba cha pili, na sauti yenyewe ni nyembamba. Je, huyu ndiye soprano aliyeishangaza London mwaka 1861, akasifiwa na mtunzi wa opera Verdi mwenyewe? Ndiye. Na santuri hizo ni hazina hadi leo, mradi msikilizaji ajue anachokitafuta.

Kwanza tuelewe chombo kilichomnasa. Desemba 1905 mafundi wa kampuni ya Gramophone walibeba vifaa vyao hadi Craig-y-Nos, kasri la Patti huko Wales. Maikrofoni ilikuwa bado haitumiki kurekodi santuri. Ilikuja miaka ishirini baadaye. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa, sauti yake ikatikisa utando mwembamba, na utando ukaisukuma sindano iliyochora mfereji katika nta. Chombo hicho kilinasa sauti za kati, lakini ule mng'aro wa juu unaoipa sauti ya soprano uhai ulipotea. Ndiyo maana Caruso, mwimbaji wa tenor, anasikika amejaa zaidi katika santuri za enzi hizo kuliko wanawake walioimba naye.

Hata hivyo, kuna kitu ambacho pembe haikuweza kukimeza, nacho ni wakati. Noti iliyocheleweshwa kwa makusudi bado imechelewa, hata rangi yake ikiwa imefifia. Sikiliza "Ah, non credea mirarti", aliyoirekodi 1906. Patti analivuta neno, analiachia taratibu, kisha anakaza mwendo kulipa muda aliokopa, na mapambo ya sauti yake yanaota ndani ya maneno badala ya kubandikwa juu yake. Opera ya Bellini yenye wimbo huo ilionyeshwa kwanza 1831. Patti alizaliwa 1843, na wazazi wake wote wawili walikuwa waimbaji wa opera. Kwa hiyo tunasikia mazoea ya kizazi kilichokuwa karibu na mtunzi, mazoea ambayo karatasi ya muziki haiwezi kuyaandika.

Atakayepinga atasema kwamba Patti alikuwa amepita miaka 60 na pumzi yake ilikuwa imepungua. Ni kweli, inasikika. Lakini uzee hupunguza nguvu kabla ya kugusa ujuzi wa kulipanga neno, na ujuzi huo ndio tunaoufuata. Mwingine atasema santuri za zamani hazikuzunguka zote kwa kasi moja, kwa hiyo hata mwendo hauaminiki. Hoja hii ni nzito: ukiizungusha santuri haraka mno, sauti hupanda na wimbo hukimbia. Ila noti zote huharakishwa kwa pamoja, na uwiano wa noti moja na nyingine hubaki palepale.

Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad naye alirekodiwa na kampuni hiyohiyo ya Gramophone, huko Bombay, mwaka 1928. Wapenzi wa taarabu hawazitupi santuri zake kwa sababu ya mikwaruzo; hutega sikio wasikie anavyoliweka neno mahali pake. Patti naye anastahili sikio hilohilo. Msikilize mara tatu: mara ya kwanza uzoee kelele, ya pili ufuate maneno, na ya tatu uhesabu pale anapochelewa.