Kutoka Jukwaa hadi Vuguvugu: Uhai Mfupi wa Chama cha Raia Nchini Chekoslovakia

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha somo la tamthilia, mwanafunzi mwenzangu aliuliza swali ambalo halikupata jibu la kuridhisha siku hiyo: je, tamthilia iliwahi kumwangusha nani? Alikuwa amechoshwa na kauli iliyozoeleka mno katika insha zetu kwamba fasihi ni silaha ya ukombozi. Tulitaja majina ya watunzi waliofungwa, naye akatujibu kwamba kufungwa kwa mtunzi ni ithibati ya nguvu za serikali wala si za mtunzi. Tulinyamaza.

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo kwa kuuchunguza mfano mmoja wa mbali. Mnamo Novemba 1989, kundi la waandishi, waigizaji na wanafunzi katika jiji la Prague liliunda umoja wa upinzani ndani ya jumba la maonyesho. Kabla ya mwaka kwisha, mtunzi wa tamthilia alikuwa rais wa nchi. Hata hivyo, kufikia Juni 1992, chama kilichorithi fikra za umoja huo hakikupata hata kiti kimoja bungeni. Tutaangalia jinsi walivyoshinda, kisha tuulize walishindwaje.

Kwanza, neno kuhusu istilahi. Umoja huo uliitwa kwa Kicheki Občanské fórum, nasi tutauita Jukwaa la Raia. Chama kilichotokana nao, Občanské hnutí, tutakiita Vuguvugu la Raia. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Jukwaa kwetu ni mahali pa kuigizia na pia ni mahali pa kujadiliana. Vuguvugu nalo ni harakati ya watu, na vilevile ni hali ya maji yasiyo moto wala baridi. Maana hizo pacha, kama tutakavyoona, zinaieleza historia yenyewe.

Mtunzi na Mapipa ya Bia

Chekoslovakia ilitawaliwa na Chama cha Kikomunisti tangu 1948. Mwaka 1968 kiongozi wa chama, Alexander Dubček, alijaribu kulegeza kamba: udhibiti wa magazeti ukaondolewa na mijadala ikaruhusiwa. Mnamo Agosti mwaka huo majeshi yakiongozwa na Muungano wa Kisovieti yaliivamia nchi na kuyazima mageuzi. Wanachama wengi walioyaunga mkono walifukuzwa chamani na kazini.

Miongoni mwa walionyamazishwa alikuwa Václav Havel, mtunzi wa tamthilia. Kazi zake zilipigwa marufuku, na mwaka 1974 alifanya kazi ya kibarua katika kiwanda cha bia. Mnamo Januari 1977 yeye na wenzake walitoa waraka ulioitwa Mkataba wa 77, wakiitaka serikali itimize ahadi zake yenyewe kuhusu haki za binadamu. Mwaka 1978 aliandika insha mashuhuri kuhusu nguvu za wasio na nguvu. Katika insha hiyo tunakutana na muuza mboga anayetundika dirishani bango la kauli mbiu ya chama. Hatundiki kwa kuwa anaiamini, bali asitiwe mashakani. Hoja ya Havel ni kwamba utawala wa aina hiyo hausimami kwa bunduki pekee. Husimama pia kwa mabango ya watu wasioyaamini. Siku watakapoacha kuyatundika, utatikisika. Mwandishi huyo alifungwa kuanzia 1979 hadi 1983, akafungwa tena mwanzoni mwa 1989.

Sisi hatuhitaji kwenda mbali kupata wenzi wa Havel. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka aliouandika, na Sauti ya Dhiki ikazaliwa gerezani. Alamin Mazrui aliwekwa kizuizini mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya Kilio cha Haki kuchapishwa. Tofauti ni kile kilichofuata baadaye.

Pazia Linafunguliwa

Tarehe 17 Novemba 1989 wanafunzi wa Prague waliandamana kuadhimisha miaka 50 tangu Wanazi walipovifunga vyuo vikuu vya Kicheki. Polisi waliwazingira na kuwapiga; mamia walijeruhiwa. Kesho yake wanafunzi wa sanaa za maonyesho na waigizaji walitangaza mgomo. Jambo la kuzingatiwa ni namna ya mgomo huo. Majumba ya maonyesho hayakufungwa. Watazamaji walikuja kama kawaida, lakini badala ya kuigiza, waigizaji walisimama jukwaani wakasoma taarifa na kuwaalika watu wajadiliane. Jukwaa la maonyesho likageuka jukwaa la mijadala.

Usiku wa tarehe 19 Novemba, katika jumba la Činoherní klub, Jukwaa la Raia liliundwa. Wakati uo huo, huko Bratislava, Waslovaki waliunda umoja wao, Umma Dhidi ya Ukatili. Makao ya Jukwaa yalihamia katika jumba jingine la maonyesho, Laterna magika. Tarehe 24 Novemba Havel na Dubček walikuwa wameketi humo jukwaani mbele ya waandishi wa habari pale ilipoletwa habari kwamba uongozi wa juu wa Chama cha Kikomunisti umejiuzulu.

Tarehe 27 wafanyakazi waligoma kwa muda wa saa mbili nchini kote, na tarehe 29 bunge likakifuta kifungu cha katiba kilichokipa Chama cha Kikomunisti uongozi wa nchi. Tarehe 10 Desemba serikali mpya iliapishwa. Waziri wake wa mambo ya nje, Jiří Dienstbier, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, alitoka moja kwa moja katika kazi ya kuchochea moto wa tanuri la kupashia majengo joto. Tarehe 29 Desemba Havel alichaguliwa kuwa rais. Mabadiliko hayo, yaliyofanyika pasipo kumwaga damu kwa silaha, yaliitwa Mapinduzi ya Mahameli.

Katika uchaguzi wa Juni 1990 Jukwaa la Raia lilipata takriban nusu ya kura katika eneo la Wacheki. Ujumbe wake wa kampeni ulikuwa kwamba vyama ni vya wanachama, ilhali Jukwaa ni la watu wote. Maneno hayo yaliwavutia watu waliochoshwa na chama kimoja kwa miaka 40. Lakini ndani ya maneno hayo mlikuwa na mbegu ya kuvunjika.

Kwa Nini Jukwaa Lilivunjika?

Sababu ya kwanza ni ya kimuundo. Jukwaa halikuwa na uanachama rasmi. Aliyetaka kuwa wa Jukwaa alikuwa wa Jukwaa. Viongozi wake mashuhuri walipoingia ikulu na wizarani, matawi ya miji midogo yalijiona yametelekezwa. Aliyeliona pengo hilo ni Václav Klaus, mwanauchumi na waziri wa fedha. Mnamo Oktoba 1990 alichaguliwa mwenyekiti wa Jukwaa kwa kura za wajumbe wa matawi, ingawa watu wa karibu wa Havel walimtaka mtu mwingine. Klaus alitaka chama chenye wanachama, nidhamu na mwelekeo mmoja. Waliompinga walihofia kurudi kwa chama cha aina ile waliyoipindua.

Sababu ya pili ni kutoweka kwa adui wa pamoja. Waliokuwa wameshikana mikono dhidi ya utawala wa kikomunisti walikuwa wakomunisti wa zamani wa 1968, waumini wa Kikatoliki, wasanii, na wanauchumi wa soko huria. Ngome ilipoanguka, kila mmoja aligundua kwamba jirani yake alikuwa akiota nchi nyingine. Mnamo Februari 1991 walikubaliana kugawana. Wafuasi wa Klaus waliunda Chama cha Kidemokrasia cha Raia. Waliberali waliobaki, wakiongozwa na Dienstbier, waliunda Vuguvugu la Raia. Petr Pithart, waziri mkuu wa serikali ya Wacheki, alikuwa miongoni mwao.

Sababu ya tatu inahusu lugha, na ndiyo inayopaswa kutugusa zaidi sisi wa taaluma hii. Viongozi wa Vuguvugu walizungumzia ustaarabu wa kisiasa, uvumilivu na jamii ya raia. Walikubali uchumi wa soko, ila walisisitiza tahadhari na kuwajali watakaoumia. Walisita kuunga mkono sheria ya uchujaji ya Oktoba 1991, iliyowazuia maofisa wa zamani wa chama na washirika wa polisi wa siri kushika nyadhifa fulani. Walihofia watu kuhukumiwa kwa orodha zilizoandikwa na polisi wenyewe. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Hata hivyo, wapinzani wao waliwaambia wapiga kura kwamba watu hawa ni wakomunisti wa 1968 waliobadilisha mavazi.

Klaus, kwa upande wake, alikuwa na kitu cha kushikwa mkononi. Mpango wa ubinafsishaji ulimwezesha kila raia mzima kununua kitabu cha vocha kwa koruna zipatazo 1,000 na kuzigeuza vocha kuwa hisa za mashirika ya umma. Zaidi ya watu milioni 8 walijiandikisha. Mbele ya mpiga kura, upande mmoja ulikuwa na kitabu cha vocha, upande wa pili ulikuwa na nasaha njema. Vuguvugu likaonekana vuguvugu kweli: si moto, si baridi.

Katika uchaguzi wa Juni 1992 Vuguvugu la Raia halikufikisha asilimia 5 iliyohitajika. Dienstbier, aliyekata seng'enge ya mpaka wa Ujerumani Magharibi mnamo Desemba 1989 na aliyekuwa waziri wakati majeshi ya Kisovieti yakiondoka, alijikuta nje ya bunge. Washindi, Klaus kwa Wacheki na Vladimír Mečiar kwa Waslovaki, walikubaliana kuigawa nchi. Chekoslovakia ilikoma kuwapo tarehe 31 Desemba 1992.

Funzo kwa Msomaji wa Kenya

Waama, msomaji wa Kenya hawezi kuisoma habari hii bila kuikumbuka FORD. Nayo jina lake lilibeba maana ya jukwaa. Iliundwa Agosti 1991, ikawakusanya wazee kwa vijana, na Desemba mwaka huo kifungu cha 2A cha katiba kikafutwa. Mwaka uliofuata ilipasuka ikawa FORD-Kenya ya Oginga Odinga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba, na Daniel arap Moi akashinda kwa zaidi kidogo ya theluthi moja ya kura. Tofauti ni moja nayo ni kubwa: Wacheki waligombania nyumba baada ya kuijenga, sisi tuligombania vyumba kabla ya kuinua kuta. Aidha, mgawanyiko wa Prague ulihusu sera kwa kiasi kikubwa, ilhali wetu ulihusu zaidi nani awe mgombea.

Hitimisho

Narudi kwa mwenzangu wa darasa la tamthilia. Tamthilia haikumwangusha mtu Chekoslovakia; wanafunzi waliopigwa na wafanyakazi waliogoma ndio waliofanya hivyo. Lakini tamthilia iliwapa mahali pa kukutania, watu waliozoea kusema hadharani, na mtunzi aliyekwisha kueleza kwa nini muuza mboga anapaswa kulishusha bango lake. Hilo si jambo dogo. Kasoro ilikuwa kudhani kwamba anayejua kufungua pazia anajua pia kuendesha jumba baada ya watazamaji kwenda nyumbani. Kuorodhesha wanachama, kutembelea matawi na kueleza bei ya mkate ni kazi isiyo na makofi, na waliberali wale waliwaachia wengine.

Pamoja na hayo, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Havel alikuwa rais wa Jamhuri ya Cheki kuanzia 1993 hadi 2003. Pithart aliliongoza baraza la seneti baadaye, na Dienstbier alichaguliwa seneta mwaka 2008. Chama kilikufa, watu wake na baadhi ya fikra zao walibaki. Sisi tunaoandika kwamba fasihi ni silaha tunapaswa basi kuongeza sentensi moja katika insha zetu: silaha haijengi nyumba, na baada ya vita kuna matofali ya kubebwa.