Dawa ya Rejeta ni Sumu



Hapa kwetu Shinyanga na Geita baadhi ya watu hubadilisha pampu ya maji ya gari nyumbani. Fuata haya.

Kwanza, ngoja injini ipoe kabisa. Ukifungua rejeta ikiwa bado ya moto, maji yatakurukia na kukuunguza.

Pili, kinga maji ya zamani kwenye debe bovu. Debe hilo lisichotee tena maji ya kunywa. Usiyamwage karibu na kisima.

Tatu, ukishajaza dawa mpya, inayobaki ifungie mbali na watoto. Usiitie katika chupa ya soda. Huitwa dawa, lakini ni sumu, nayo ni tamu.

Mtoto akiinywa huyumba kama mlevi, halafu figo zake huharibika. Usimtapishe. Usingoje augue. Mkimbize hospitali mara moja, na chupa hiyo uichukue.