Herufi za kulala: asili yake na kazi yake

Katika vitabu vyetu mnakuta herufi za namna mbili. Nyingi zinasimama wima. Nyingine ni nyembamba, zinainama kidogo kuelekea kuume, kama mwandiko wa mtu mwenye mkono mzuri. Hizo za pili wapiga chapa wanaziita italiki, kwa sababu zilizaliwa Italia. Wengine wanasema herufi za kulala. Tulimsikia mseminari mmoja akisema kwamba ni pambo tu. Sivyo. Zinaweza kuzuia kosa katikati ya ibada, na tutaeleza kwa kosa letu wenyewe. Lakini kwanza tutazame zilikotoka.

Katika karne ya 15 wenye elimu wa Firenze, hasa Niccolò Niccoli, walinakili vitabu vya kale kwa mkono, tena kwa haraka. Mkono unaokwenda mbio hauinui kalamu mara kwa mara: herufi zinainama, zinakaribiana, zinashikana. Mwandiko huo ulipendwa hata Roma, na waandishi wa ofisi za Baba Mtakatifu wakautumia katika barua zake.

Huko Venezia Aldus Manutius alikuwa na nyumba ya kupiga chapa. Fundi wake, Francesco Griffo wa Bologna, aliuchonga mwandiko ule katika chuma, ili herufi za risasi zipate kusubuliwa. Zilionekana mara ya kwanza mwaka wa 1500, katika kitabu cha barua za Mtakatifu Katarina wa Siena: maneno machache tu ndani ya picha yake, na kati ya maneno hayo jina la Yesu. Mwaka wa 1501 Aldus alitoa mashairi ya Virgilius, kitabu kidogo cha kushikwa mkononi, chote kwa italiki. Basi, herufi hizi hazikufanywa kwa kutia mkazo neno moja moja. Zilikuwa herufi za kitabu kizima. Tena herufi kubwa za Aldus zilibaki wima, ndogo peke yake ziliinama. Watu wa Lyon, Ufaransa, waliziiga upesi bila kumwomba ruhusa.

Kisha Ludovico degli Arrighi, mwandishi katika ofisi ya Papa, alitoa kitabu cha kufundisha mwandiko huo, chenye tarehe ya 1522. Yeye naye alipiga vitabu kwa italiki zake, na sisi tunaziona nzuri kupita zile za Aldus, kwani zimepata nafasi ya kupumua. Baadaye, herufi za wima zilipokuwa bibi wa nyumba, italiki zikawa msaidizi wake.

Mtazitambua namna gani? Tazameni herufi a. Ile ya wima ina paa juu ya tumbo. Ile ya italiki ina tumbo tu. Herufi f ya italiki mara nyingi inashuka chini ya mstari. Tena herufi ya wima inakanyaga kwa vijiguu bapa, lakini ya italiki ina vikulabu vidogo pale kalamu inapoingia na inapotoka. Kwa hiyo kompyuta ikisukuma tu herufi ya wima mpaka iiname, haijafanya italiki: paa la a lingali pale.

Leo tunaandika kwa italiki majina ya vitabu na maneno ya lugha ya kigeni. Hapo tuangalie. Maneno ya Kilatini kama *ex opere operato* yainame. Lakini misa, padri, altare na sakramenti yameingia nyumbani zamani. Kuyainamisha ni kumfanya mtoto wa nyumba kuwa mgeni.

Sasa kosa letu. Tulitayarisha karatasi za ibada ya Dominika kwa vituo visivyo na padri. Katika misale maagizo yanapigwa kwa rangi nyekundu, na ndiyo asili ya jina rubrika. Sisi tulikuwa na wino mweusi tu, tukaandika yote kwa herufi za namna moja. Katekista mmoja mzee, mwenye sauti nzuri, akasoma mbele ya watu wote: «Tumwombe Bwana. Hapa watu wanakaa kimya kidogo.» Watu wakaitika: «Amina.» Vijana walicheka. Mzee akaona haya, na Dominika iliyofuata akamwachia mwingine kazi ya kusoma. Yeye hakukosa, karatasi yetu ilimdanganya.

Tukaandika upya, maagizo yote kwa italiki, tukawaambia makatekista: kinacholala hakisomwi kwa sauti. Lakini tulikosa mara ya pili, kwani tuliinamisha hata majibu ya watu, tukidhani yatapendeza. Kanisa lote likanyamaza pahali pa kuitikia. Siku hizi majibu tunayapiga kwa herufi nene, na mzee yule amerudi kusoma.

Mnaotuletea makala kwa mkono, pigeni mstari mmoja chini ya maneno yanayotakiwa kuinama. Mpiga chapa anaielewa alama hiyo. Na kama fungu zima ni la italiki, neno la kigeni lililo ndani yake linasimama wima. Lakini msitupigie mstari chini ya ukurasa mzima, kwani macho yanachoka upesi.