Mji uliogawa vyeo kwa bahati nasibu

Ukimuuliza mtu wa leo demokrasia ni nini, atakutajia uchaguzi: kampeni, foleni, sanduku la kura na kidole chenye wino. Raia wa Athens wa karne ya 4 KK angemshangaa. Kwake yeye uchaguzi ulinuka utawala wa wachache, maana anayechaguliwa huwa ni mwenye jina, mwenye mali au mwenye mdomo. Mwanafalsafa Aristotle, aliyeishi mjini humo miaka mingi akiwa mgeni asiye na uraia, aliandika wazi kwamba kugawa vyeo kwa bahati nasibu ni mtindo wa demokrasia, na kuvigawa kwa uchaguzi ni mtindo wa utawala wa wachache.

Msingi uliwekwa na mwanasiasa Kleisthenes mwaka 508 KK. Ili kuvunja nguvu za koo kubwa, aliwapanga raia upya katika makundi 10, kila kundi likichanganya watu wa mjini, wa pwani na wa bara. Kila kundi lilitoa watu 50 wa kuingia katika Baraza la watu 500, lililoandaa hoja za mkutano mkuu wa raia kwenye kilima cha Pnyx. Ujumbe ulikuwa wa mwaka mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kuushika zaidi ya mara mbili maishani. Makundi yalipokezana zamu ya kuliongoza Baraza, na mwenyekiti alipatikana kwa bahati nasibu kila siku. Kwa usiku mmoja na mchana wake alishika muhuri wa dola na funguo za mahekalu yaliyotunza hazina. Kesho yake alikuwa mjumbe wa kawaida kama jana, na nafasi ile haikumrudia tena.

Mahakamani ndiko utaratibu ulikokolea. Kila mwaka raia 6,000 wenye umri wa kuanzia miaka 30 waliandikishwa kuwa waamuzi, na kila mmoja alikuwa na kibao kidogo chenye jina lake, la baba yake na la kijiji au mtaa wake. Asubuhi ya kesi vibao vilichomekwa katika matundu ya jiwe la kura, safu kwa safu. Ubavuni mwa jiwe palikuwa na mrija uliomiminiwa vigololi vyeupe na vyeusi. Kikitoka cheupe, mstari mzima wa vibao uliingia kazini. Kikitoka cheusi, wenye mstari huo walirudi nyumbani. Kwa kuwa hakuna aliyejua mapema nani ataamua kesi ipi, mwenye fedha ya rushwa hakuwa na wa kumpelekea. Vibao vya shaba vimefukuliwa makaburini, vingine vikiwa na alama za majina ya zamani yaliyofutwa ili vitumike tena. Mwamuzi alilipwa sarafu 2 za oboli kwa siku, baadaye 3, ili maskini naye aweze kuacha shughuli zake akae mahakamani.

Hata hivyo bahati haikuachwa itawale peke yake. Kura ikimwangukia mtu, alihojiwa kwanza: ni raia halali? Anawatunza wazazi wake? Amelipa kodi? Akimaliza muhula, hesabu zake zilikaguliwa, na raia yeyote aliweza kumshtaki. Majenerali 10 walichaguliwa kwa kupigiwa kura, na waliweza kurudi tena na tena, kwa kuwa vita haisubiri mtu ajifunze. Ndiyo njia aliyoipitia mwanasiasa Pericles kuuongoza mji kwa miaka mingi.

Mwanafalsafa Socrates aliudhihaki mfumo huu: nani angempa mtu usukani wa jahazi kwa bahati nasibu? Naona dhihaka hiyo haikugusa udhaifu wenyewe. Mwaka 406 KK, baada ya ushindi wa majini huko Arginusae, mkutano mkuu uliwahukumu majenerali kwa pamoja, kinyume cha taratibu, kwa kutowaokoa mabaharia waliokuwa wakizama. Sita waliuawa, akiwemo mwana wa Pericles. Waliofanya hivyo hawakuokotwa kwa kura ya bahati. Ni umati wenye hasira. Socrates, ambaye siku hiyo alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa kikao kwa sababu zamu ilikuwa ya kundi lake, alikataa kushiriki.

Na tusiisifu Athens kupita kiasi. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na kibao. Tangu 451 KK, sheria ya Pericles ilimtaka raia awe na baba na mama wa Athens. Madini ya fedha yaliyoutajirisha mji yalichimbwa na watumwa katika migodi ya Laurion.

Mfumo huo ulivunjwa mwaka 322 KK, dola ya Makedonia ilipoishinda Athens na kuamuru kwamba asiye na mali ya drakma 2,000 aondolewe katika uraia kamili. Maelfu ya maskini walipoteza haki zao kwa amri moja.