Madonna: Umri umesonga, jukwaa hajaliacha

JE, mwanamuziki anapaswa kuacha kuimba akifikisha umri gani? Arobaini? Hamsini? Ama aendelee mpaka sauti imkauke kooni?

Swali hili huzua ubishi kila wapenzi wa muziki wa pop wanapokutana na jina la Madonna kutajwa. Wako wanaosema mwanamke huyo aliyevuka umri wa miaka 65 angalifaa kuketi nyumbani alee wanawe na kuhesabu fedha zake. Wengine husema hakuna aliyepewa mamlaka ya kumpangia binadamu mwingine siku ya kustaafu, hasa ikiwa watu wangali wanapanga foleni kununua tikiti zake.

Ubishi huo si wa muziki pekee. Unahusu jinsi jamii inavyomtazama mwanamke anayezeeka hadharani. Ndiyo maana hata msomaji asiyeujua wimbo wa Madonna hata mmoja anaweza kujikuta akiuchangia.

Alikotoka

Madonna Louise Ciccone alizaliwa Agosti 16, 1958 mjini Bay City, katika jimbo la Michigan nchini Marekani. Mamake alifariki mwaka wa 1963 kwa kansa ya matiti akiwa na umri wa miaka 30 tu. Wakati huo Madonna alikuwa mtoto wa miaka mitano. Mwaka wa 1978 aliacha masomo ya chuo kikuu, alikokuwa akisomea dansi, akaenda kutafuta riziki New York.

Kibao chake cha kwanza, Everybody, kilitoka mwaka wa 1982. Albamu ya kwanza ikafuata mwaka wa 1983, na mwaka mmoja baadaye Like a Virgin ikamfanya ajulikane kila pembe ya dunia. Waliokuwa vijana enzi za True Blue mwaka wa 1986 na Like a Prayer mwaka wa 1989 leo ni akina baba na akina mama, na baadhi yao wana wajukuu. Wamezeeka pamoja naye. Pengine hii ndiyo sababu mashabiki hao hukasirika wakisikia nyota wao akiitwa ajuza. Mkuki umelengwa kwa Madonna, lakini nao unawachoma.

Redio ilipofunga mlango

Mashabiki wanaolalamika kuhusu ubaguzi wa umri wana mfano mmoja ambao hawachoki kuutoa. Mwaka wa 2015, Madonna alipotoa kibao cha Living for Love kutoka albamu ya Rebel Heart, kituo cha Radio 1 cha BBC nchini Uingereza hakikukiweka katika orodha ya nyimbo zinazochezwa mara kwa mara. Mashabiki waliwaka. Walisema kosa la wimbo huo ni tarehe ya kuzaliwa ya aliyeuimba.

Kituo hicho kilijitetea kwamba nyimbo huchaguliwa kwa ubora wake na kwa kuangalia kama zinawafaa wasikilizaji wake, ambao ni vijana wa miaka 15 hadi 29. Umri wa mwimbaji, kilisema, hauhesabiwi.

Hapo pana hoja ya kupimwa pande zote mbili. Kituo cha vijana kina haki ya kuwatafutia vijana wanachokipenda. Lakini kijana atajuaje kama anaupenda wimbo ambao hajachezewa?

Mwezi huo huo wa Februari 2015, Madonna alianguka chali kutoka kwenye ngazi za jukwaa katika tuzo za Brit mjini London. Joho alilovaa lilikuwa limefungwa kwa kubana shingoni, na wachezaji wake walipolivuta halikufunguka, likamvuta naye. Aliinuka akamaliza wimbo. Hata hivyo, kesho yake mzaha uliosambaa ulihusu miaka yake 56. Wachache waliizungumzia kamba ya joho.

Wanaume je?

Mashabiki wa Madonna hupenda kuuliza swali hili, na si rahisi kulijibu. Paul McCartney alitumbuiza katika tamasha la Glastonbury mnamo Juni 2022, wiki moja tu baada ya kutimiza miaka 80, na magazeti yakamvulia kofia. Mick Jagger wa Rolling Stones alitimiza miaka 81 mnamo Julai 2024, akiwa bado anarukaruka jukwaani kama kijana katika ziara ya kundi lake Marekani. Ziara hiyo ilidhaminiwa na chama cha kutetea maslahi ya watu waliozidi miaka 50. Watu walicheka kidogo, kisha wakanunua tikiti.

Hata lugha yetu inatusuta. Mwanamume akizeeka huitwa mzee, na neno hilo ni heshima. Hata kijana mwenye cheo hulipenda. Mwanamke akizeeka huitwa ajuza ama bi kizee, na ni nadra kumpata anayefurahia kuitwa hivyo.

Madonna mwenyewe ameyasema haya wazi. Mnamo Desemba 2016, alipotuzwa na jarida la Billboard kama mwanamke wa mwaka katika muziki, alitoa hotuba ndefu iliyowatoa wengi machozi. Alieleza kwamba kwa mwanamke wa fani hiyo, kuzeeka huhesabiwa kama dhambi, na kwamba jambo la utata zaidi alilowahi kufanya ni kuendelea kuwepo.

Yeye si wa kwanza kuvunja ukuta huo. Tina Turner alikuwa na miaka 44 alipotoa Private Dancer mwaka wa 1984, wakati wengi walidhani jua lake limeshatua. Alifanya ziara yake ya mwisho hadi mwaka wa 2009 akiwa na miaka 69. Cher naye alikuwa na miaka 52 Believe ilipotoka mwaka wa 1998 na kutia fora ulimwengu mzima. Kwetu Afrika Mashariki, marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, aliimba taarab na kupiga ngoma hadi uzeeni kabisa, akazuru Ulaya, na mwaka wa 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Wahenga hawakukosea waliposema jungu kuu halikosi ukoko.

Ziara ni kazi

Baadhi ya wasomaji huenda wakajiuliza mwanamke tajiri kiasi hicho anasumbuka na safari kwa nini. Jibu moja ni kwamba biashara ya muziki imebadilika. Zamani msanii alizuru ili auze sahani za santuri na kanda. Siku hizi mapato ya kuuza albamu yamepungua, na fedha nyingi zimo katika maonyesho. Madonna aliliona hilo mapema. Mwaka wa 2007 aliiacha kampuni yake ya kurekodi ya Warner na kutia sahihi mkataba na Live Nation, kampuni ya kuandaa maonyesho, mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 120.

Ziara iliyofuata, Sticky & Sweet, ilianza mjini Cardiff Agosti 23, 2008, wiki moja baada ya kutimiza miaka 50. Kufikia mwisho wake mwaka wa 2009 ilikuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 400, na wakati huo hakuna msanii wa kujitegemea aliyewahi kufikisha kiasi hicho kwa ziara moja. Umri ambao wengine wangeuita wa kustaafu ndio uliomletea mavuno makubwa kuliko yote.

Lakini mwili una hesabu zake. Katika ziara ya Madame X ya mwaka wa 2019 na 2020, aliyoifanya katika kumbi ndogo za michezo ya kuigiza, alifutilia mbali maonyesho kadhaa kwa sababu ya maumivu. Kisha, mnamo Juni 2023, wiki chache kabla ya kuanza ziara ya Celebration, alipatikana akiwa hajitambui. Alikuwa ameshambuliwa na maambukizi makali ya bakteria, akalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi kwa siku kadhaa. Ziara iliyokuwa ianze Vancouver mwezi wa Julai ikaahirishwa.

Hapo wale wa upande wa pili walipata la kusema. Si tuliwaambia? Ngoma ikivuma sana hupasuka. Lakini wengine walijibu kwamba bakteria hawaulizi kitambulisho, na kwamba Bruce Springsteen naye aliahirisha maonyesho mwaka huo huo kwa sababu ya vidonda vya tumbo.

Oktoba 14, 2023, Madonna alipanda jukwaani katika ukumbi wa O2 mjini London, goti lake moja likiwa limefungwa kitambaa cha kulishikilia. Ziara iliendelea hadi Mei 4, 2024, alipoimba bure katika ufuo wa Copacabana mjini Rio de Janeiro, Brazil. Waliokuwapo walikadiriwa kuwa watu milioni 1.6. Kwa jumla ziara iliingiza takriban dola milioni 225.

Si kila kitu ni sifa

Isidhaniwe kwamba mashabiki humtetea bila kuona dosari. Wapo waliochukizwa kwamba ziara ya Celebration haikuwa na bendi, muziki ukitoka katika mitambo. Wapo wanaotaka nyimbo za zamani tu, na wapo wanaosema msanii asiyeimba vipya ni sawa na aliyekwisha kustaafu. Katika Madame X aliimba zaidi vipya, na baadhi wakanung'unika. Katika Celebration alikusanya vibao vya miaka 40, na wengine wakanung'unika kwamba anaishi kwa kumbukumbu.

Lawama kubwa ni ya kuchelewa. Mwaka wa 2019 shabiki mmoja wa Florida alikwenda mahakamani baada ya saa ya kuanza onyesho kusogezwa kutoka saa mbili unusu usiku hadi saa nne unusu. Mapema mwaka wa 2024 mashabiki wawili wa New York nao walishtaki kwa jambo kama hilo, wakisema walikuwa na kazi ya kuamkia na usafiri wa kurudi nyumbani. Kesi hiyo ya New York iliondolewa miezi michache baadaye.

Malalamiko hayo yana uzito wake na hayahusiani na umri. Mtu aliyelipa tikiti ana haki ya kudai onyesho lianze kwa saa. Tofauti ni hii: kumkosoa msanii kwa alichofanya ni haki ya mnunuzi, lakini kumkosoa kwa mwaka aliozaliwa ni ubaguzi. Wengi huchanganya mambo haya mawili katika sentensi moja.

Ndivyo ilivyokuwa hata kuhusu uso wake. Alipotokea katika tuzo za Grammy mnamo Februari 2023, watu hawakuzungumzia alichosema bali mashavu yake, wakidai amejifanyia upasuaji wa urembo. Alijibu kwamba huo ni ubaguzi wa umri na chuki dhidi ya wanawake. Mwanamke akiacha makunyanzi yaonekane, huambiwa amechakaa. Akiyaficha, huambiwa hakubali umri wake. Atoke vipi?

Watoto wa Malawi

Kwa msomaji wa Afrika, ziara ya Celebration ilikuwa na jambo jingine la kutazama. Madonna amewaasili watoto wanne kutoka Malawi: David Banda, Mercy James, na pacha Stella na Estere. Katika ziara hiyo Mercy alipiga piano mbele ya maelfu, David akapiga gitaa, na Estere, akiwa na miaka 11, akacheza dansi hadi ukumbi ukashangilia. Hospitali ya watoto yenye jina la Mercy ilifunguliwa Blantyre mwaka wa 2017, ikawa ya kwanza Malawi kujengwa mahsusi kwa upasuaji wa watoto na huduma ya watoto mahututi.

Kwa hiyo wanaomwambia akalee watoto nyumbani wamesahau kwamba aliwapeleka kazini naye, na wakaiona kazi ya mama yao kwa macho yao.

Katika ziara hiyo hiyo, alipoimba Live to Tell, picha za watu waliofariki kwa UKIMWI zilijaa ukumbini, wakiwemo rafiki zake na Christopher Flynn, mwalimu wake wa dansi aliyefariki mwaka wa 1990. Wengi wao walikufa vijana. Hawakupata nafasi ya kuitwa wazee. Aliyeishi akawazika rafiki zake hawezi kuuona uzee kama aibu.

Mnamo Septemba 2025 Madonna alitangaza kwamba amerejea kwa kampuni ya Warner, aliyoanza nayo safari mwaka wa 1982. Ubishi, basi, haujaisha. Wewe msomaji una haki ya kutoupenda muziki wake, kulalamikia bei ya tikiti zake, au kuzima redio akianza kuimba. Lakini kabla ya kumwambia akapumzike, hebu utazame pale sebuleni kwako. Mamako, shangazi yako au mwalimu wako aliyekaribia kustaafu ana kazi anayoijua kuliko vijana wote walio chini yake. Je, naye ungemwambia hivyo?