Waislamu wa Rwanda, Masimulizi na Sensa

Miaka michache baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, habari zilienea duniani kwamba Wanyarwanda wanasilimu kwa maelfu. Magazeti makubwa ya Marekani yalituma waandishi Kigali, nao wakaandika juu ya misikiti iliyofurika na waumini waliolipa kanisa mgongo. Baadhi ya makala hizo zilidai kuwa Waislamu wamekwishapita asilimia 10 ya wananchi wote. Sensa ya 2002 ilipotoka, iliwakuta wakiwa asilimia 1.8. Ile ya 2012 ilisema asilimia 2, na ya 2022 ikawakuta papo hapo.

Waandishi wale hawakutunga. Watu kweli walisilimu, na sababu walizozitoa zilikuwa nzito. Ila simulizi la msikiti mmoja uliojaa mjini si hesabu ya nchi nzima, na ili kuelewa kwa nini idadi ilibaki ndogo hivyo inafaa kurudi nyuma kidogo.

Uislamu ulichelewa kufika Rwanda. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Tabora, Ujiji na Karagwe miaka mingi kabla ya ukoloni, lakini ufalme wa Rwanda ulijifungia na haukutaka wageni wenye bunduki. Mlango ulifunguliwa na Wajerumani. Walipoiingiza nchi katika koloni lao la Afrika Mashariki, mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na askari, wapagazi, makarani na wakalimani, wengi wao Waislamu wenye kusema Kiswahili. Mjerumani Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907, wachuuzi Waarabu, Wahindi na Waswahili walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa kwanza. Msikiti wa Al-Fatah, unaotajwa kuwa wa kwanza nchini, ulijengwa mwaka 1913.

Miaka mitatu baadaye Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani, na mambo yakageuka. Watawala wapya walishikana mkono na mapadre wa Kikatoliki, ambao walikuwa na misheni yao Save tangu 1900. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni. Mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma aliambiwa kwanza abatizwe, kwa hiyo wazazi wengi waliona heri abaki chuoni akisoma Kurani. Mijini, Waislamu walitengewa mitaa yao, zile kambi za Waswahili, na kwa Kigali mtaa huo ulikuwa Biryogo. Mwaka 1931 Wabelgiji walimng'oa madarakani Mwami, yaani mfalme, Yuhi Musinga, aliyekataa ubatizo. Mwanawe Rudahigwa akabatizwa mwaka 1943, na watu wa vilimani walikuwa wakibatizwa kwa makundi.

Hivyo Muislamu akaonekana mgeni hata pale alipozaliwa. Ofisi za serikali zilikuwa za waliosoma, naye hakusoma. Akaendesha lori, akashona nguo, akafungua bucha, akawa fundi wa magari au mwenye duka. Hata baada ya uhuru wa 1962 picha hiyo haikubadilika sana, ingawa Waislamu walipata chama chao cha kitaifa mwaka 1964 na baadaye Libya ikawajengea kituo kikubwa cha Kiislamu Nyamirambo, chenye msikiti na shule.

Lakini kutengwa huko kulizaa jambo ambalo Wabelgiji hawakulikusudia. Katika mitaa kama Biryogo na Nyamirambo, Mhutu na Mtutsi waliswali safu moja, wakaoana, wakala futari sinia moja. Muislamu alijitambua kwanza kuwa Muislamu. Siasa za ukabila, zilizochezwa zaidi katika ofisi na majeshi ambamo yeye hakuwamo, zilimfikia zikiwa zimepoa.

Aprili 1994 ilionyesha uzito wa jambo hilo. Waliokimbilia makanisani Ntarama, Nyamata na Nyarubuye waliuawa humo humo. Kule Nyange kanisa lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu wapatao 2,000, na padri wake, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kimataifa ya Arusha mwaka 2008. Nyamirambo, familia za Kiislamu ziliwaficha majirani darini, chooni, nyuma ya magunia ya duka. Kule Mabare, mashariki mwa nchi, Waislamu wa makabila yote mawili walisimama pamoja msikitini kuwapinga wauaji, na wengi waliuawa kwa ajili hiyo.

Wasiokuwa wasafi walikuwepo pia. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililopalilia chuki, alikuwa Muislamu, naye alitiwa hatiani Arusha. Ukweli huo haufuti mwenendo wa walio wengi, na ni haki usemwe.

Ndipo watu walipoanza kusilimu. Wapo waliookolewa na jirani Muislamu wakataka kuifahamu dini yake. Wapo waliomwona padri akishiriki katika kuua na hawakuweza tena kukaa mbele ya altare. Wapo pia Wahutu waliotafuta mahali ambapo hawatatazamwa kwa jicho la shaka.

Waliotoka kanisa Katoliki walikuwa wengi mno. Mwaka 1991 Wakatoliki walikuwa karibu asilimia 63 ya Wanyarwanda. Mwaka 2022 walikuwa 40. Sehemu kubwa ya waliohama iliishia kwa Wapentekoste na Waprotestanti wengine, na sehemu ndogo tu ikaingia msikitini. Hilo linaeleweka. Kanisa jipya lingeweza kuanzishwa kilimani kwa turubai na mabenchi, wakati misikiti ilibaki zaidi mijini na kando ya barabara kuu. Aliyesilimu kijijini aliiacha pia pombe ya ndizi, ambayo bila hiyo harusi na mapatano mengi ya kienyeji hayakamiliki, na akajikuta peke yake.

Hata hivyo asilimia huficha vichwa. Mwaka 1991 Waislamu walikuwa asilimia 1.2 ya watu milioni 7 na kidogo, yaani kama 86,000. Asilimia 2 ya watu milioni 13.2 waliohesabiwa mwaka 2022 ni watu wapatao 265,000. Katika miaka 31 jamii hiyo imeongezeka mara tatu, huku nchi nzima ikikaribia tu kuongezeka mara mbili.

Mabadiliko makubwa zaidi yako katika hadhi. Sheikh Mussa Fazil Harerimana aliongoza wizara ya usalama wa ndani kuanzia 2006 hadi 2016, jambo ambalo babu yake asingeliwaza. Idd zote mbili ni sikukuu za taifa. Biryogo, kambi ya zamani, ina mtaa uliofungwa kwa magari na kupakwa rangi, ambako watu wa dini zote huketi jioni wakinywa chai ya kijani, sambusa mezani. Na Kiswahili, kilichokuwa alama ya mkaazi wa kambi, kilipitishwa na Bunge mwaka 2017 kuwa lugha rasmi ya Rwanda, miaka kumi baada ya nchi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki.